Uti, ugwe na neva: Safari ndefu kutoka 'haitibiki' hadi 'nafuu'

Juzi Jumapili jirani yangu hapa Yamumbi, viungani mwa Eldoret, alibisha hodi akiwa na karatasi mbili mkononi. Kitinda mimba wake alianguka na pikipiki ya boda boda miaka miwili iliyopita akielekea Langas, na tangu siku hiyo amepooza kuanzia kifuani kwenda chini. Karatasi zilihusu kituo kimoja cha ng'ambo kinachowadunga wagonjwa seli shina kwa malipo. Mpwa wake alikuwa ametafsiri kila sentensi kwa kalamu, na wazee wa ukoo walikuwa wameshaanza kutafuta mnunuzi wa robo ekari ya mama huyo.

"Mwalimu," akaniuliza, "hii neno hapa ni kupona ama ni kutibiwa tu?"

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, ila sikumbuki kuulizwa swali la msamiati lenye thamani ya robo ekari. Makala ya leo ni jibu langu, na ili kulitoa sina budi kupitia historia.

Tuanze na neno uti. Uti wa mgongo ni ile nguzo ya mifupa inayotusimamisha. Ndiyo sababu wanasiasa hawachoki kutuambia kuwa kilimo ni uti wa mgongo wa uchumi. Ndani ya nguzo hiyo hupita ugwe, yaani kamba laini ya neva inayopeleka habari baina ya ubongo na viungo. Mitaani tunasema uti kwa vyote viwili, na hata maradhi ya utando unaofunika ubongo na ugwe tumeyaita homa ya uti wa mgongo. Mkanganyiko huu una gharama. Mama huyu alipoambiwa kuwa mfupa umeunga, alielewa kwamba uti umepona, akaanza kuingoja miguu. Mfupa huunga kwa miezi. Ugwe una habari yake.

Habari hiyo ni kongwe. Mwaka 1862 Mmarekani Edwin Smith alinunua mjini Luxor, Misri, hati ya mafunjo iliyoandikwa takriban mwaka 1600 kabla ya Kristo. Ndani yake tabibu anaeleza hali ya mtu aliyeteguka pingili ya shingo, asiyehisi mikono wala miguu yake. Hukumu yake ni fupi: haya ni maradhi yasiyotibiwa.

Hukumu hiyo ilidumu. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya 1906, aliandika kwamba katika ubongo na ugwe wa mtu mzima njia za neva zimekwisha kufungwa; zaweza kufa, haziwezi kuchipua tena. Lakini mzee huyo hakufunga mlango kabisa. Aliiachia sayansi ya baadaye kazi ya kuibatilisha hukumu hiyo, ikiwezekana.

Tayari ilijulikana kuwa neva za mikono na miguu huchipua zikikatwa, kwa mwendo wa takriban milimita moja kwa siku. Mbona za ugwe zisichipue? Mwaka 1981, mjini Montreal, Samuel David na Albert Aguayo walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya wakakipandikiza kwenye ugwe wake. Nyuzi za neva za ugwe zikaota ndani ya kipande hicho, zikaenda sentimita kadhaa. Zilipotoka na kuingia tena kwenye ugwe, zikakwama.

Sisi wakulima wa mahindi wa Uasin Gishu tunaelewa haraka. Mbegu haikuwa na kasoro. Udongo ndio uliokataa. Martin Schwab na wenzake kule Zürich walitafuta ni nini katika udongo huo kinachozuia, wakapata protini ambayo mwaka 2000 ilipewa jina la Nogo.

Wakati maabara zikihangaika, kuna historia nyingine iliyokwenda kimya kimya, nayo imeokoa watu wengi zaidi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wengi wa askari waliovunjika ugwe walikufa baada ya wiki au miezi kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, mkimbizi kutoka Ujerumani, alifungua wodi yao Stoke Mandeville, Uingereza. Aliamuru wageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana. Wakaishi. Mwaka 1948 akawaandalia mashindano ya kulenga shabaha kwa mishale, washindani 16, na hapo ndipo ilipoanzia Michezo ya Olimpiki ya Walemavu.

Hospitali yetu ya Kitaifa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo, Nairobi, nayo mizizi yake ni kuwahudumia askari wa vita hivyo vya pili. Kwamba haitoshi, tulikumbushwa mwaka 2012 Zachary Kimotho alipoanza safari ya kiti cha magurudumu kutoka Nairobi kuelekea Afrika Kusini, akiwaomba Wakenya wachange Sh250 milioni kwa ajili ya kituo cha kuwarekebisha waliopata majeraha kama yake.

Na hizo seli shina? Ni seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. James Thomson alizikuza kutoka kwa viinitete vya binadamu mwaka 1998. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani akageuza seli za kawaida za panya zikawa kama hizo. Machi 2025, watafiti wa Chuo Kikuu cha Keio, Tokyo, walitangaza matokeo ya kupandikiza seli za namna hiyo kwa wagonjwa wanne. Wawili walipata nafuu ya viungo, mmoja akaweza kusimama mwenyewe. Wote walipandikizwa wiki chache tu baada ya kuumia.

Hapo nikarudi kwenye karatasi. Kiingereza chake kilisema mgonjwa huenda akaona mabadiliko mazuri. Kijana mtafsiri, kwa mapenzi ya binamu yake, aliandika: atapona. Simlaumu. Lakini Kiswahili hakikumlazimisha. Tunalo kutibu, ambalo halitoi ahadi. Tunalo kupona, ambalo ni ahadi nzima. Na katikati tunayo nafuu na ahueni, maneno ya watu waliowahi kuuguza.

"Kwa hivyo si kupona?" akauliza.

"Ni nafuu, mama. Tena ni huenda. Na waulize kama ni utafiti uliosajiliwa, maana katika utafiti wa kweli aghalabu mgonjwa halipishwi dawa inayojaribiwa."

Shamba halijauzwa. Sehemu ya akiba imenunua godoro la kuzuia vidonda. Kijana mwenyewe hajafurahi. Nilipomtembelea aliniambia, "Mwalimu, wewe unasahihisha maneno, mimi nataka miguu." Sikuwa na la kumjibu, nikakaa naye tu hadi jua likatua.

Nimeondoka na ombi moja kwa wenzangu waandishi wa kamusi na wahariri wa habari za afya. Tutenganishe uti na ugwe katika maandishi yetu kila siku, tusiandike kupona pale utafiti uliposema nafuu. Kuna nyumba ambamo neno hilo moja linasomwa huku hati ya shamba ikiwa mezani.