Kiti Kimoja: Historia ya Wapiga Vinubi wa Orkestra

Kila tarehe 1 Januari orkestra ya Vienna Philharmonic hupiga muziki wa kufungua mwaka katika ukumbi wa Musikverein, na watu wa nchi nyingi huketi mbele ya televisheni kuitazama. Kwa miaka mingi watazamaji hao waliona mikono ya mtu ikipita juu ya nyuzi za kinubi, kisha kamera ikahamia kwingine. Mwenye mikono hiyo alikuwa Anna Lelkes, mzaliwa wa Hungaria. Alianza kupiga na orkestra hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini hakuwa mwanachama, kwa sababu uanachama ulikuwa wa wanaume tu. Kazi yake ilihitajika, uso wake haukutakiwa. Uanachama kamili aliupata Februari 1997, baada ya wanaharakati wa nchi kadhaa kupiga kelele, naye akiwa amekwisha kukalia kiti hicho kwa zaidi ya miaka 20. Alikuwa mwanamke wa kwanza.

Si bahati tu kwamba mwanamke huyo wa kwanza alikuwa mpiga kinubi. Katika orkestra kubwa wapiga fidla hufika 30 na zaidi. Akistaafu mmoja, wengine wapo. Kinubi ni kimoja, au viwili. Anayekipata kiti chake hukikalia miaka 30, 40, hata 50, na kijana aliyehitimu chuo anaweza kungoja hadi aote mvi kabla ya nafasi kutangazwa. Basi historia ya kazi hii ni historia ya kiti kimoja na watu waliokipokezana. Na mara nyingi kiti hicho ndicho kilichokuwa mlango wa mwanamke kuingia orkestra, pale ambapo milango mingine yote ilikuwa imefungwa.

Kinubi chenyewe si kile cha Daudi kinachochorwa kwenye Biblia za watoto, cha kupakatwa mapajani. Hiki kina nyuzi 47, kinalingana na mtu mzima kwa kimo au kumpita, na uzito wake unakaribia kilo 40. Nyuzi za do ni nyekundu na za fa ni nyeusi, ili jicho lisipotee katika msitu ule. Kila mkono hupiga kwa vidole vinne. Kidole cha mwisho hakitumiki kwa kuwa ni kifupi mno. Chini zipo pedali 7, moja kwa kila sauti ya ngazi ya muziki, na kila pedali ina vituo 3. Mpenzi wa muziki aliye ukumbini huona mikono ikielea kama inabembeleza, haoni miguu ilivyo mbioni. Na kabla hajafika, viti vikiwa bado vitupu, mpiga kinubi ameshakaa peke yake jukwaani akizikaza nyuzi zote 47, mmoja baada ya mwingine. Nyuzi za utumbo wa mnyama hazipatani na joto wala unyevu. Hali ya hewa ikigeuka kidogo, nazo hugeuka.

Kazi hii ilianzia kwenye makasri. Malkia Marie Antoinette wa Ufaransa alipiga kinubi, na jamaa zote kubwa za Paris zikataka mabinti wao wajifunze. Mwaka 1778 Mozart aliagizwa na kabaila mmoja, Duke wa Guînes, atunge kipande cha filimbi, kinubi na orkestra. Duke angepiga filimbi, binti yake kinubi. Mozart alilalamika kwamba hakulipwa ipasavyo, lakini utunzi wenyewe umewalisha wapiga vinubi mpaka leo. Mapinduzi ya 1789 yalipofagia makasri, riziki ya walimu na mafundi wa vinubi ikafagiwa pamoja nayo. Sébastien Érard, fundi mzaliwa wa Strasbourg, alihamia London.

Jambo hilo halikuwapata Wafaransa peke yao. Katika kasri la Kabaka wa Buganda huko Mengo, ennanga, kinubi cha upinde chenye nyuzi 8, ilikuwa na nafasi yake miongoni mwa ala za mfalme. Mei 1966 jeshi la Milton Obote, rais wa Uganda, lililivamia kasri hilo, Kabaka Mutesa wa Pili akakimbilia Uingereza, mwaka uliofuata falme zikafutwa, na wanamuziki wakatawanyika. Albert Ssempeke, aliyetoka katika kundi la wanamuziki wa kasri, alikuwa mmoja wa wachache walioendelea kuipiga na kuifundisha ennanga mpaka ufalme uliporudishwa mwaka 1993.

Tumrudie Érard. Mwaka 1810, akiwa London, alisajili uvumbuzi wa pedali zinazokanyagwa mara mbili, na kuanzia hapo kinubi kikaweza kupiga katika funguo zote za muziki. Ndiyo mashine inayotumika hadi sasa. Lakini kila chombo kipya kina waliokilipia, na mmoja wao alikuwa Dorette Scheidler. Huyo alikuwa Mjerumani, mke wa mpiga fidla maarufu Louis Spohr. Walioana mwaka 1806 wakazunguka Ulaya jukwaa kwa jukwaa, bwana na fidla, bibi na kinubi, kila mmoja akistahili makofi yake. Walipofika London mwaka 1820 Dorette alijaribu kinubi cha Érard. Nyuzi zake zilikuwa nzito kuliko alizozoea, na kuanza upya kulimchosha hadi afya ikatetereka. Mumewe akamsihi aache, akaacha. Alipiga kinubi mara ya mwisho hadharani London, akarudi kwenye piano. Vitabu vingi vya muziki humtaja kama mke wa Spohr tu, na hapo vinamdhulumu, kwani aliyeingia naye ukumbini alikuwa fundi kamili wa kazi yake.

Wanaume wa enzi hiyo walikuwa na njia pana zaidi, hata walipoharibu. Nicolas-Charles Bochsa aliikimbia Ufaransa mwaka 1817 kwa kesi ya kughushi, akahukumiwa akiwa hayupo. Miaka michache tu baadaye alikuwa akifundisha kinubi katika chuo kipya cha Royal Academy of Music, London. Chuo kilimwondoa mwaka 1827. Mwaka 1839 akatoroka na mwimbaji Anna Bishop, mke wa mtunzi Henry Bishop, wakazunguka mabara wakifanya maonyesho hadi Sydney, Australia, ambako Bochsa alifariki Januari 1856. Mwingereza Elias Parish Alvars aliishi miaka 40 tu, 1808 hadi 1849, lakini alikitoa kinubi sebuleni. Mtunzi Berlioz alimwita Liszt wa kinubi, kwa kumfananisha na mpiga piano huyo mashuhuri.

Kisha ikaja shule, na ndani ya shule ikazaliwa nasaba. Alphonse Hasselmans, mzaliwa wa Liège, alishika darasa la kinubi katika chuo cha muziki cha Paris mwaka 1884 na hakuliacha mpaka kifo chake mwaka 1912. Ukimtafuta mpiga kinubi yeyote mkubwa wa karne ya 20, mara nyingi utafika kwenye chumba hicho.

Henriette Renié aliingia humo akiwa mtoto ambaye miguu yake haifiki chini. Baba yake akamtengenezea vipande vya kurefusha pedali. Mwaka 1887, akiwa na umri wa miaka 11, alishinda tuzo ya kwanza ya chuo. Mwaka 1901 alipiga utunzi wake mwenyewe wa kinubi na orkestra katika maonyesho ya orkestra ya Lamoureux, jambo ambalo msichana wa Paris wa siku zile hakutarajiwa kulifanya, kutunga wala kusimama mbele ya watu. Alifundisha hadi uzeeni; alifariki mwaka 1956.

Wakati huo huo mafundi wa ala walikuwa vitani. Kampuni ya Pleyel ilileta kinubi kisicho na pedali, chenye safu mbili za nyuzi zinazopishana, ikamwagiza mtunzi Debussy akitungie kipande mwaka 1904. Kampuni ya Érard ikajibu mwaka uliofuata kwa kumwagiza mtunzi Ravel atunge kwa ajili ya kinubi chake. Kinubi cha Pleyel kikatoweka majukwaani, kazi ya Debussy ikahamishiwa kwenye pedali, na wapiga vinubi wakabaki na vipande viwili bora kutokana na ugomvi wa wauzaji.

Lily Laskine, mwanafunzi mwingine wa Hasselmans, aliajiriwa na orkestra ya Opera ya Paris mwaka 1909, akiwa na miaka 16. Hakuna mwanamke aliyemtangulia humo. Mwaka huo huo mwenzake wa darasa hilo, Carlos Salzedo, aliyewahi kushinda tuzo ya kwanza ya kinubi na ya piano kwa siku moja, alivuka bahari kwenda Metropolitan Opera ya New York kwa mwito wa mwongozaji Toscanini. Salzedo alianzisha darasa la kinubi katika chuo cha Curtis, Philadelphia, kisha kambi ya vinubi ya kila kiangazi katika mji mdogo wa Camden, jimbo la Maine.

Katika darasa la Curtis ndimo alimotoka Edna Phillips. Mwaka 1930 alikwenda kuomba kiti cha pili cha kinubi katika orkestra ya Philadelphia. Mwongozaji Leopold Stokowski akamsikiliza, akampa cha kwanza. Alikuwa na miaka 23 na alikuwa amekipiga kinubi kwa miaka michache tu. Akawa mwanamke wa kwanza kuongoza kundi la ala katika orkestra kubwa ya Marekani, na ilimbidi ajifunze kazi hadharani, mbele ya wanaume waliokuwa wakimtazama atakosea wapi. Hakukaa kimya kuhusu ala yake: aliagiza watunzi waiandikie vipande vipya. Kimojawapo, cha Alberto Ginastera wa Argentina, kilichelewa mno hata yeye akawa ameshaacha jukwaa. Kilipigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1965, Philadelphia ile ile, na Mhispania Nicanor Zabaleta.

Mwanafunzi mwingine wa Salzedo, Alice Chalifoux, aliingia orkestra ya Cleveland mwaka 1931 na kutoka mwaka 1974. Miaka 43, kiti kimoja. Ng'ambo ya bahari, Sidonie Goossens alikuwa katika orkestra ya BBC tangu ilipoundwa mwaka 1930, akaitumikia kwa nusu karne. Mwaka 1991, akiwa na miaka 91, alirudi jukwaani Royal Albert Hall usiku wa mwisho wa tamasha la Proms. Victor Salvi yeye alikiacha kiti kwa hiari: alikuwa mpiga kinubi wa orkestra ya NBC chini ya Toscanini, akaenda Italia kuunda vinubi, na vinubi vya jina lake viko katika kumbi nyingi za dunia leo.

Chalifoux naye alirithisha. Aliyefundishwa naye katika chuo cha muziki cha Cleveland alikuwa Ann Hobson Pilot, binti Mmarekani mweusi wa Philadelphia aliyezaliwa mwaka 1943. Fikiria uzito wa hatua yake: kiti ni kimoja, waombaji ni wengi, na orkestra kubwa za nchi yake zilikuwa za weupe karibu watupu. Mwaka 1966 akaingia National Symphony ya Washington, mwaka 1969 orkestra ya Boston, na mwaka 1980 akawa mpiga kinubi wake mkuu. Mwaka 1997 alisafiri hadi kusini mwa Afrika pamoja na wapiga filamu kutafuta mizizi ya ala yake. Alipostaafu mwaka 2009, baada ya miaka 40 Boston, mtunzi John Williams alimwandikia utunzi wa kinubi na orkestra, naye akaupiga mwenyewe. Kiti kikachukuliwa mwaka huo huo na Jessica Zhou, mzaliwa wa Beijing.