Pangani ya Kale, Kaloleni ya Sasa

Anayetaka kuiona Pangani ya miaka ya 1930, kijiji kilichokuwa kaskazini mashariki mwa mji wa Nairobi, hataonyeshwa hata ukuta mmoja. Nyumba zake zilikuwa za udongo na fito, na ramani yake ni ile iliyofika bara pamoja na watu wa pwani: mlango wa mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na kupangisha vingine. Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake, na kodi ile iliwapa kauli ambayo kwa baba au kwa mume wasingeipata.

Wakuu wa mji hawakukipenda kijiji hicho. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, walipokata viwanja vya Pumwani, walikusudia Waafrika wote waliojijengea wenyewe wahamie huko. Vijiji vingine vya Nairobi, Mombasa na Maskini, vilivunjwa mapema. Pangani ilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, maana watu wake walihitaji pa kwenda, na mtaa wa Shauri Moyo ulijengwa kwa ajili hiyo. Lakini mapatano yalikuwa na mwiba. Mwenye nyumba wa Pangani angeweza kukaa Shauri Moyo na kupangisha vyumba maadamu yu hai. Akifariki, nyumba inarudi kwa halmashauri. Watoto hawarithi. Kwa maoni yangu, hilo liliumiza kuliko kubomolewa kwenyewe.

Je, kijiji kama hicho chaweza kujengwa upya ndani ya kompyuta? Jambo la karibu nalo limeshafanyika, ingawa mizizi yake inatoka nje ya Eastlands, mitaa hii ya mashariki mwa Nairobi, na kufika kwenye kambi za vita vya Mau Mau. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 wanajeshi na polisi waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil. Mitaa ya Waafrika ilipekuliwa nyumba kwa nyumba, na Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapakiwa kwenye malori hadi Langata kuchujwa, kisha maelfu wakapelekwa Manyani na Mackinnon Road. Kutoka huko wengi walihamishwa kambi hadi kambi, zikiwemo kambi za kazi za Nyeri. Mbili kati ya hizo, Mweru na Aguthi, leo ni shule za sekondari.

Kambi hizo mbili ndizo zilizojengwa upya kidijitali na Museum of British Colonialism, jumuiya ya Wakenya na Waingereza iliyoanzishwa 2018, pamoja na African Digital Heritage ya Nairobi, iliyoasisiwa na Chao Tayiana Maina. Walipiga picha majengo yaliyosalia, wakatafuta kumbukumbu za maandishi, wakawasikiliza wazee waliofungwa humo. Nyaraka peke yake zisingetosha. Uhuru ulipokaribia, wakoloni walichoma baadhi ya majalada na mengine wakayasafirisha Uingereza, ambako yalikaa gizani hadi 2011, pale kesi ya wazee wa Mau Mau jijini London ilipolazimisha yatajwe kuwa yako Hanslope Park, bohari ya serikali ya Uingereza.

Kazi hiyo ina mtego mmoja. Katika kompyuta, ukuta uliopimwa kwa futi na ukuta uliokisiwa kutokana na simulizi hutoka na rangi moja na kivuli kimoja. Mtazamaji hana njia ya kuzitofautisha kuta hizo, isipokuwa mjenzi amwonyeshe. Pangani ingekuwa karibu yote ya kukisia.

Ndiyo maana macho yangu yanaelekea Kaloleni, mtaa wa Eastlands ambao bado umesimama. Mtaa huu ulijengwa katika miaka ya 1940, wafungwa wa vita wa Kiitalia wakiwa miongoni mwa wajenzi, kwa mtindo wa mtaa wa bustani: nyumba za mawe zenye mapaa ya vigae, nafasi za majani kati yake, na ukumbi wa jamii katikati. Siasa za kudai uhuru ziliukalia ukumbi huo hata wenyeji wakauita bunge. Mafundi wa vipimo hawahitaji mitambo ya ajabu hapa. Picha kwa mamia zinapigwa, kila moja ikiingiliana na jirani yake; programu inatafuta kona ileile ya jiwe katika picha kadhaa na kukokotoa ilipo.

Swali ni Kaloleni ipi. Sogea karibu na nyumba yoyote utaona jiwe lililochongwa linaishia, mabati yanaanza: chumba cha ziada, kimepigiliwa misumari juu ya fito, kimepangishwa. Wachoraji wa urithi hupenda kuyafuta mabati hayo ili nyumba irudi ilivyokuwa kwenye mchoro wa halmashauri. Wakifanya hivyo watakuwa wanarudia kazi ya waliovunja Pangani, kwa sababu vyumba vile ndivyo vilivyosomesha watoto na kulea wajukuu pale mishahara iliposhindwa. Wenye nyumba wa Pangani wangevitambua mara moja.

Mimi ningeanza na mabati. Jiwe litasubiri kidogo. Mabati hayawekwi kwenye faili lolote, na mipango ya kubomoa mitaa ya zamani ya Eastlands ili kupandisha ghorofa iko mezani tayari. Kila chumba kipewe tabaka lake na mwaka wake, jinsi mwenyeji anavyoukumbuka, na pale anapokisia, programu ioneshe kwa rangi nyingine kwamba amekisia.