Bujumbura Inakula Kutoka Vilimani

Bugarama ni mahali pa baridi. Iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, katika uliokuwa mkoa wa Muramvya, na ni njia panda: huku Kayanza na mpaka wa Rwanda, huku Muramvya na Gitega, na upande wa tatu mteremko wa kilomita zipatazo 35 hadi Bujumbura, ambako Ziwa Tanganyika liko mita 770 na ushei tu. Kandokando ya barabara wakulima hupanga kabichi, karoti, viazi mviringo, liki na vitunguu. Sehemu kubwa ya mboga hizo huishia katika masufuria ya mjini siku hiyohiyo au kesho yake. Ndizi hushuka kwa baiskeli. Vijana hufunga mikungu juu ya kiti cha nyuma na ubavuni mpaka mzigo unazidi uzito wa mwenye kuubeba, kisha huachia mteremko, breki yao ikiwa soli ya kiatu. Kurudi juu hushika lori kwa nyuma na kuvutwa. Wengi wameumia katika kona zile, na wengine wamekufa.

Hiyo ndiyo njia kuu ya chakula ya mji huu. Bujumbura imelishwa zaidi ya miaka mia na watu ambao leo shamba lao kwa wastani halifiki nusu hekta, na katika muda wote huo wenye mamlaka wamejenga karibu upande mmoja tu wa njia, upande wa mjini: soko, paa, meza za kukodisha, mtoza ushuru mlangoni. Upande wa kilimani, pale mazao yanapovunwa, kuhesabiwa na kupewa bei, umeachwa mtupu, na anayeujaza ni dalali mwenye fedha taslimu.

Wajerumani walipoweka kituo chao cha kijeshi Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, mwishoni mwa miaka ya 1890, walikuta ufuko ambao tayari ulikuwa na biashara yake. Mawese na samaki vilibadilishwa kwa chumvi ya Uvinza iliyopanda ziwa kwa mitumbwi, na wafanyabiashara wa Ujiji walifika hapa pamoja na Kiswahili chao. Wabelgiji waliutwaa mji mwaka 1916, wakaufanya makao makuu ya Ruanda-Urundi, wakawagawa wakazi kwa mitaa. Waswahili wakapata Buyenzi, ambako mpaka leo soko la Ruvumera linazungumza lugha hii. Mji ulizidi kukua na ulihitaji kula, ila utawala ulitaka kahawa kwanza. Katika miaka ya 1930 familia za vilimani zilishurutishwa kupanda mibuni, na chakula chenyewe kililimwa kwa amri, mihogo na viazi vitamu, viwe kinga ya njaa. Kinga haikutosha. Mwaka 1943 na 1944, ukame ulipokutana na madai ya vita juu ya mazao na nguvu za watu, ilikuja njaa ambayo Warundi waliiita Manori.

Jibu la utawala lilikuwa mpango wa miaka kumi, ulioandaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na sehemu yake iliyoonekana zaidi karibu na mji ilikuwa bonde la Imbo. Mashamba yalipimwa kwa mistari iliyonyooka, familia zikapewa vipande, mifereji ikachimbwa. Kati ya mji na bonde hilo hakuna hata mlima mmoja. Palikuwa mahali pazuri kuliko pote pa kumuunganisha mkulima mdogo na mlaji wa Usumbura, lakini zao lililotiliwa mkazo lilikuwa pamba, iliyokuwa ikisafirishwa nje.

Aliyelitazama suala hili kutoka upande mwingine alikuwa kijana wa kifalme. Louis Rwagasore, mwana wa Mwami Mwambutsa, alirudi kutoka masomoni Antwerp mwaka 1956, na mwaka 1957, kabla jina lake halijafungamana na chama cha UPRONA, alianzisha vyama vya ushirika. Mashuhuri kati yake kilikuwa Ushirika wa Wafanyabiashara wa Burundi. Biashara ya jumla ilikuwa mikononi mwa Wazungu, Wahindi, Waarabu na Wagiriki, na mchuuzi Mwafrika alinunua kwa bei aliyoambiwa, akauza kwa bei aliyoweza. Rwagasore alitaka wachuuzi wanunue kwa pamoja, wawe na mtaji wao, na faida ibaki kwao. Waswahili wa Buyenzi walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono mapema na kwa moyo wote. Ndiyo maana katika mtaa ule jina lake lilikuwa la mtu wa biashara kabla ya kuwa la shujaa wa taifa.

Ushirika huo haukudumu. Uongozi wake ulikuwa dhaifu, hesabu zilivurugika, madeni yakaongezeka, na utawala wa Wabelgiji, ambao haukupenda kumwona mwana wa mfalme akikusanya Waafrika kwa jambo la fedha, haukuwa na sababu ya kuuokoa. Katika muda mfupi shughuli zake zilizorota, na yeye akaingia siasa moja kwa moja. UPRONA ilishinda uchaguzi wa Septemba 1961. Tarehe 13 Oktoba aliuawa kwa risasi mgahawani, kando ya ziwa. Tunamkumbuka kila mwaka kwa uhuru uliofika Julai 1962. Mimi naona tumemtendea nusu ya haki, kwa sababu jambo la kwanza alilolishika mikononi lilikuwa swali la nani anunue, nani auze na faida ilale wapi. Swali hilo alituachia bila kulijibu.

Baada ya uhuru serikali ililijibu kwa njia yake. Bonde la Imbo likageuka shamba la mpunga, na mwaka 1973 likaundiwa shirika la umma, SRDI, linalogawa maji, mbegu na mbolea kwa mkopo na kutaka lilipwe kwa mpunga. Gihanga na Mpanda zikawa ghala la mchele la Bujumbura. Mazao yaliongezeka kweli, na mifereji ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini bei iliyowekwa na shirika imekuwa malalamiko ya wakulima kwa miaka mingi, maana soko huru lililipa zaidi, na aliyejaribu kuuza gunia lake kando alichukuliwa kama mhalifu. Upande wa shambani ulijengwa hapa, ila ulijengwa bila mkulima kuwa na sauti ndani yake.

Kisha ikaja vita. Rais Melchior Ndadaye aliuawa Oktoba 1993, na barabara ya Bugarama ikawa barabara ya kuvizia. Pierre Buyoya alipotwaa madaraka kwa mara ya pili, Julai 1996, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vilivyodumu hadi Januari 1999. Mafuta na mbolea vikapanda bei kupita kiasi, na Bujumbura ikategemea vilima vyake kuliko wakati wowote. Ndipo, mnamo Septemba 1999, serikali ilipowaondoa kwa nguvu watu zaidi ya 300,000, wengi wao wa Bujumbura Vijijini, na kuwafungia katika kambi kwa hoja ya usalama. Hao ndio waliokuwa wakishusha maharage, mihogo na lengalenga asubuhi kwa asubuhi. Walikaa kambini wakitazama mashamba yao yakiota magugu kwenye vilima vya mbele. Nelson Mandela, aliyeshika usuluhishi baada ya Mwalimu Nyerere kufariki, alizilaani kambi hizo hadharani na kudai zifungwe. Zilifungwa mwaka 2000. Sijui kipindi kingine ambapo mji uliumizwa waziwazi hivi kwa kumwumiza anayeulisha.

Soko kuu lilikuwa katikati ya yote haya. Maelfu ya wafanyabiashara walikuwa na meza pale, na bidhaa zake zilifika mpaka Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, na mikoa yote ya nchi. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 27 Januari 2013, liliteketea. Magari ya zimamoto hayakutosha, Rwanda ikatuma helikopta kumwaga maji, na hadi moto unadhibitiwa kilichobaki kilikuwa nguzo na vyuma vilivyopinda. Wengi waliokuwa na mikopo benki walipoteza dhamana na bidhaa kwa siku moja.

Chakula hakikukoma kuingia mjini. Bei zilipanda, lakini wachuuzi wa mboga walihamia Ruvumera, Jabe, Kinama, Kamenge, na lile la Ngagara lenye jina la kiwanda cha nguo, Cotebu. Baadaye likafunguliwa soko kubwa la kisasa wanaloliita Kwa Siyoni. Mjane wa mtaa wa Musaga anayeuza sombe alijua anayemletea majani ni nani, na aliyemletea alijua mkulima ni nani. Soko kuu halikuwa limeshika uhusiano huo, kwa hiyo moto haukuweza kuuchoma. Magofu yalibaki wazi miaka mingi katikati ya mji, na mijadala ya kulijenga upya ikavuma kuliko mjadala wowote juu ya vilima.

Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilipigwa marufuku katikati ya Bujumbura, kwa sababu ya ajali na usalama. Mwenye mikungu alilazimika kushusha mzigo ukingoni mwa mji na kulipa mtu mwingine aufikishe. Tangu wakati huohuo foleni za mafuta zimezidi kuwa ndefu kwa uhaba wa fedha za kigeni. Lori lililokosa dizeli halifiki Bugarama, na mboga iliyokatwa asubuhi hupoteza bei kila siku inayosubiri. Kila gharama mpya njiani hukatwa kwenye bei ya yule wa mwanzo wa njia, kwa kuwa yeye ndiye asiyeweza kusubiri.

Na kusubiri ndiko wakulima waliojipanga walikokufanyia kazi. Shirikisho la wakulima la CAPAD limekusanya vyama vya ushirika katika sehemu nyingi za nchi, vingine vikiwa na ghala na mashine za kukoboa na kusaga. Utaratibu wa mkopo kwa dhamana ya mazao ni rahisi kueleza: wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, mwanachama huweka magunia ghalani na kupewa na benki au taasisi ya mikopo midogo sehemu ya thamani yake, akalipa karo ya mtoto na deni la mbolea; miezi kadhaa baadaye, bei ikipanda, mpunga au mahindi huuzwa kwa pamoja, mkopo hulipwa na ziada hugawanywa. Dalali hajafukuzwa. Amekutana tu na muuzaji asiyekuwa na njaa.

Serikali nayo imeingia. Chini ya mpango wa Sangwe, kila kilima kimepata ushirika wake na mtaji wa faranga milioni 10. ANAGESSA, wakala wa hifadhi ya taifa ya chakula, ilianza kununua mahindi kwa bei iliyotangazwa, na bei hiyo ilikuwa nafuu kwa waliozoea kupunjwa. Lakini malipo yalichelewa, na sehemu ya mahindi iliyonunuliwa ilioza ghalani, jambo lililokasirisha nchi nzima. Mahindi yale yalikuwa yamebebwa mbali na waliojua namna ya kuyakausha. Ushirika wa Sangwe upo tayari katika kila kilima, na wanachama wake wanajua mvua inaanza lini na gunia lipi limeingia likiwa bichi. Ghala lijengwe kwao, funguo wakae nazo wao, na wakala wa taifa aje kununua mlangoni pao, fedha mkononi.