Miguu ya Mama Ilipovimba

Kila Dominika tunamwona mama mwenye mimba ya miezi minane akivua viatu chini ya benchi. Miguu imevimba, mgongo unamuuma, na usiku kiungulia hakimpi usingizi. Wakubwa humwambia: Vumilia, mama, ndiyo mimba. Mara nyingi neno hilo ni la kweli. Lakini wako waliovumilia mpaka wakafa, na hata waganga walikawia sana kujua tofauti.

Ugonjwa uliowaua twauita kifafa cha mimba. Mama anaumwa kichwa, macho yanaingia giza, kisha anaanguka na kutetemeka. Zamani waganga wa Ulaya nao walidhani ni kifafa kama kifafa kingine. Katika karne ya 18 Mfaransa Boissier de Sauvages aliutenga na kifafa, lakini kuutenga si kuujua.

Mlango ulifunguka London mwaka 1843, katika hospitali ya Guy's. Huko Richard Bright alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba mkojo wa mgonjwa wa figo, ukipashwa moto, huganda kama ute wa yai. Basi John Lever akapima hivyo mkojo wa wanawake walioshikwa na kifafa cha mimba, akaona weupe ule ule. Tena hakuridhika, na hapo ndipo ninapomsifu: akapima na wenye mimba wasio na kifafa. Karibu wote mkojo wao ulikuwa safi.

Lakini hao wa kwanza walikuwa wamekwisha kuanguka. Nani atampima mama kabla? Hospitali za uzazi zilimpokea mwenye uchungu tu. Mwaka 1901, kule Edinburgh, J. W. Ballantyne aliomba mahali pa kuwatunza wenye mimba kabla ya uchungu, akapata kitanda. Kimoja! Wakati huo chombo kilikuwa tayari: mwaka 1896 Mwitalia Riva-Rocci alikuwa ametengeneza mfuko wa mpira wa kufunga mkononi na kupima nguvu ya damu. Mwaka uliofuata, Paris, Vaquez na Nobécourt wakaonyesha kwamba nguvu hiyo hupanda kwa mwenye kifafa cha mimba. Ndiyo maana hata leo mama akienda kupimwa hufungwa mkono na kuombwa mkojo.

Waganga nao walikosea. Kwa kuwa miguu ilijaa maji, waliwanyima akina mama chumvi, wengine wakawapa dawa za kukojoza. Mwaka 1958, London, Margaret Robinson aliwagawa wenye mimba zaidi ya 2,000: hawa waongeze chumvi, hawa wapunguze. Walioongeza ndio waliougua kidogo! Siku hizi uvimbe wa miguu peke yake hauhesabiwi kuwa ndio ugonjwa. Ule wa jioni, unaopungua mama akiinua miguu, ni mzigo wa kawaida. Lakini uso na mikono vikivimba ghafula, au kichwa kikiuma sana na macho kufifia, apelekwe maternite siku ile ile, wakubwa waseme wasemavyo.

Na kulala je? Mwaka 1953, Marekani, waganga Howard, Goodson na Mengert walieleza kwa nini wengine wenye mimba kubwa huzirai wakilala chali: tumbo zito hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Dawa ilikuwa kumgeuza mama alale ubavu.