Jiko Lenye Kiuno

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, kwenye kozi ya usanifu, mhadhiri alituonyesha picha za viti kwa saa mbili nzima. Kiti cha mbao zilizopindwa kwa mvuke cha Michael Thonet wa Vienna, cha mwaka 1859. Kiti cha mabomba ya chuma cha Marcel Breuer, cha 1925. Viti vya Charles na Ray Eames. Nilivipenda vyote, sitadanganya. Mwishoni nikainua mkono nikauliza: na sisi je? Akatabasamu, akasema sisi tuna ufundi, usanifu ni kitu kingine. Darasa likacheka. Hata mimi nikacheka. Mwaka uliofuata karo ikanishinda, nikakiacha chuo (au kikaniacha, inategemea nyumbani unamuuliza nani), lakini lile swali nikabaki nalo.

Nimekuja kuona kwamba jibu lilikuwa jikoni kwetu, chini ya sufuria ya maharagwe.

Hebu liangalie vizuri jiko la makaa, lile ambalo utalikuta kutoka Kibera hadi Kisauni. Juu ni pana, katikati limebanwa kama kiuno, chini linapanuka tena. Ganda la nje ni bati, mara nyingi limekatwa kutoka kwa pipa kuukuu. Nusu ya juu ina chungu cha udongo uliochomwa, chenye matundu kwenye kitako. Nusu ya chini ni tupu: jivu hudondoka hapo, hewa hupitia hapo, na moto unauongoza kwa kufungua na kufunga kimlango. Juu kabisa kuna vyuma vitatu vya kukalisha sufuria, wajukuu wa yale mafiga matatu ya nyanya zetu.

Hicho kiuno si urembo. Chungu kimepanuka juu na kuchongoka chini, kwa hiyo kinajikalisha ndani ya bati kwa uzito wake chenyewe. Kitako kipana nacho kinazuia jiko lisipinduke unaposonga ugali wa watu saba, na aliyewahi kuusonga anajua mkono unavyosukuma pale. Udongo unazuia joto lisitoroke ubavuni. Kati ya udongo na bati kuna tabaka la saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi yanayohifadhi joto. Kila kipande kina kazi yake, na ukikiondoa kimoja, mpishi atajua siku hiyo hiyo.

Kabla yake kulikuwa na jiko la bati tupu. Inaelezwa kwamba lilikuja na vibarua wa Kihindi walioletwa kujenga reli ya kutoka Mombasa, kisha mafundi wa mitaani wakaliiga. Lilikuwa rahisi kutengeneza, lakini joto lake jingi liliishia hewani badala ya kwenye sufuria. Pia liliunguza watoto. Nina kovu kwenye kigimbi, nililipata kwa nyanya nikiwa na miaka minne, nikikimbiza kuku. Bati la ubavuni lilikuwa moto kama makaa yenyewe.

Miaka ya 70 bei ya mafuta duniani ilipanda mara mbili kwa kishindo, 1973 na tena 1979. Watu wa mjini wengi walikuwa wanapikia makaa, na makaa ni miti. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ukafanya mkutano wake mkubwa kuhusu nishati mpya hapa Nairobi. Kipindi hicho hicho mradi wa nishati uliofadhiliwa na Marekani, pamoja na muungano wa mashirika ulioitwa KENGO, ukaanza kutafuta jiko bora. Wazo la kuweka udongo ndani ya chuma lilitoka Thailand, ambako kulikuwa na jiko la ndoo lenye udongo ndani. Mkenya anayetajwa zaidi kwenye kazi hiyo ni Max Kinyanjui.

Lakini mifano ya mwanzo haikutoka tamu. Kulikuwa na majiko mazito, ghali, na mengine udongo wake ulipasuka upesi. Kilichoyaokoa ni kwamba hayakubaki maabara. Akina mama waliyapikia, wakarudisha malalamiko. Mafundi wa Shauri Moyo na Kamukunji, waliokuwa wamekata bati maisha yao yote, wakajua ni wapi pa kupinda na wapi pa kupunguza. Wafinyanzi wakatafuta udongo unaostahimili moto. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu, na hapa hata mimi sioni ni jifya gani ungeliondoa.

Kisha likaigwa. Kila fundi aliyeweza kulifungua aliweza kulitengeneza, na waigaji walipozidi bei ikaanguka. Kufikia katikati ya miaka ya 90, zaidi ya nusu ya nyumba za mijini Kenya zilikuwa nalo. Likivutwa vizuri, huokoa kati ya asilimia 30 na 50 ya makaa. Likavuka mipaka pia: Tanzania wakaliita Jiko Bora, Ethiopia wakapata la kwao, Lakech.

Kuiga kulikuwa na ubaya wake. Wapo waliochoma udongo nusu nusu, au wakaruka saruji, na mama wa watu akabaki na vigae baada ya mwezi. Halafu tusijidanganye, jiko halikuokoa misitu peke yake. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti kwenye misitu ya umma mwaka 2018, bei ya makaa ilipaa, na ndipo tulipokumbuka kwamba bado tunayategemea.

Kinachonisumbua ni jinsi tunavyowaita waliolitengeneza. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliwapa watu hawa jina la sekta isiyo rasmi. Sisi tukawaita jua kali, kwa sababu hawakuwa na paa. Ilibidi Rais Moi afike Kamukunji mwaka 1985 ndipo habari ya vibanda ianze kusikika. Kitu chao kilikuwa tayari kiko majumbani, wao bado wanaungua jua.

Mjomba wangu ni mmoja wao. Amegonga bati kwa miaka 31, na sikio lake la kushoto halisikii tena. Nilipomwendea kumuuliza nani alibuni jiko, ilibidi nipige kelele.

"Nani alibuni jiko, mjomba?"

"Nani aliiba?"

"Alibuni! Nani alilianzisha?"

Akaweka nyundo chini. Akaniambia yeye alifundishwa na jirani yake wa kibanda, na jirani alifundishwa na mwingine ambaye alishakufa. Kisha akainamisha jiko alilokuwa amemaliza, akanionyesha kitakoni vidoa vitatu vidogo vya nyundo, vimepangwa kwa mstari.

"Hizi ni zangu. Udongo ukipasuka kabla ya miezi sita, mteja anarudi, naangalia hapa. Zikiwepo, namwekea mwingine bure."

Nilikaa naye mpaka jioni. Nilijaribu kukata bati, nikajikata kidole, akacheka mpaka akakohoa. Sikumwambia kuhusu Thonet wala Eames, ingawa nadhani angependa kile kiti cha mbao zilizopindwa. Angekigeuza juu chini kwanza aone kimeshikana vipi.

Nilipofika nyumbani nilisubiri jiko lipoe, nikaligeuza. Jivu likamwagika sakafuni, mama akauliza nimerukwa na akili. Kitakoni, chini ya masizi, kulikuwa na vidoa viwili vya mtu nisiyemjua.