Matunzo ya Beit al-Ajaib

Miongoni mwa majengo ya pwani ya Afrika Mashariki, ni machache yajulikanayo kama Beit al-Ajaib ya Unguja. Sayyid Barghash bin Said alilijenga jumba hilo mwaka 1883, likielekea bahari, kwa ajili ya sherehe na fahari ya ufalme wake. Taa zake za umeme zilikuwa jambo ambalo watu wa mji ule walikuwa hawajapata kuliona.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliyapiga majumba ya mfalme kwa mizinga. Majumba ya jirani yalibomoka, na mnara uliokuwa mbele ukaharibika. Beit al-Ajaib likasimama. Baadaye lilijengewa mnara wa saa usoni mwake, likawa ofisi za serikali, na hatimaye makumbusho. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka, na tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiendelea, mnara na sehemu kubwa ya mbele viliporomoka, watu wawili wakapoteza maisha.

Yafaa tueleze jinsi jumba la namna hii linavyochakaa. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Roshani zake zimebebwa na nguzo za chuma. Chokaa huuachia unyevu ukatoka. Saruji ikipakwa juu yake huufungia ndani. Paa likivuja, maji hushuka ukutani na kuilegeza chokaa, na hewa ya chumvi hukila chuma. Chuma kikishika kutu huvimba, na kikivimba hupasua kilichokizunguka. Kwa nje huenda mtu asione ila doa.

Kwa hiyo mpango wa kuhifadhi na uanze na daftari. Humo kila ufa uandikwe, urefu wake na tarehe ulipoonekana, ili mwaka ujao upimwe tena. Kabla ya masika mifereji isafishwe na paa likaguliwe; miche iotayo ukutani ing'olewe ingali michanga; na fundi wa chokaa apewe wanafunzi, maana ufundi usiorithishwa hufa. Tena, kabla hakijaondolewa kitu chochote, ijulikane ni kipi kinachobeba kingine.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mithali hii yadhani kwamba yuko aliyeuona ufa. Nyumba ya mtu ina mwenyewe. Nyumba ya umma ina wenyewe wengi, na kwa sababu hiyo huweza kukosa hata mmoja. Jengo lililofanywa upya hufunguliwa na wakuu kwa sherehe, bali asafishaye mfereji hapigiwi makofi. Basi atakaye kujua kama watu waithamini historia yao, asiulize ni fedha kiasi gani zilizotolewa baada ya ukuta kuanguka. Na aulize jina la yule apandaye juu ya paa kila mwaka kabla ya mvua.