Jinsi ya kupima paipu ya gesi kabla ya kuweka jiko jipya

FAMILIA nyingi mijini huanza na meko ya kichomeo kimoja, kisha baadaye hununua jiko kubwa linalopachikwa juu ya kabati la jikoni. Kichomeo kimoja kikiwashwa, moto huwa mkali. Vyote vikiwashwa pamoja, moto hufifia na chakula huchelewa kuiva.

Aghalabu lawama hutupiwa jiko au muuzaji wa mtungi, ilhali kosa huenda likawa ni paipu iliyochaguliwa bila hesabu.

Hatua ya kwanza ni kufahamu jiko linahitaji gesi kiasi gani. Nguvu ya kila kichomeo huandikwa kwa kilowati kwenye kibandiko kilicho chini ya jiko au katika kijitabu chake. Kichomeo kidogo huwa na takriban kilowati 1, cha wastani kilowati 1.75 na kikubwa kilowati 3.

Jiko lenye kichomeo kimoja kidogo, viwili vya wastani na kimoja kikubwa hufikisha kilowati 7.5. Likiwa na oveni ya kilowati 2.5, jumla huwa 10. Kwa kuwa kilo moja ya gesi ya mtungi hutoa nishati ya takriban kilowati 13 hadi 14 kwa saa moja, jiko hilo likiwashwa lote hutumia kiasi cha kilo 0.7 kwa saa.

Hatua ya pili ni kupima umbali kutoka kwa mtungi hadi kwa jiko, kwa kufuata njia ambayo paipu itapita. Kila kona huzuia gesi, hivyo mafundi huihesabu kama takriban nusu mita zaidi. Paipu ya mita 8 yenye kona 4 basi huhesabiwa kuwa mita 10.

Hatua ya tatu ni kuchagua upana. Shinikizo la gesi ya nyumbani ni dogo, takriban milibari 30, na hupungua kadiri gesi inavyosuguana na kuta za paipu. Tundu la paipu likipunguzwa kwa nusu, upotevu huo huongezeka takriban mara 32.

Kwa jiko lililotajwa hapo juu, paipu ya shaba yenye kipenyo cha nje cha milimita 15 hutosha kwa mita 10 na kubakisha nafasi ya kuongeza kifaa kingine. Paipu yenye tundu la milimita 6 ingepoteza zaidi ya robo ya shinikizo kabla gesi haijafika jikoni.

Hata hivyo, paipu pana haisaidii iwapo regulata ni dhaifu. Kiwango chake huandikwa kwa kilo kwa saa, nacho sharti kizidi mahitaji ya jiko. Aidha, mtungi wa kilo 6 hupoa haraka gesi nyingi inapotolewa kwa mfululizo, na moto hufifia. Jiko kubwa hufaa kuunganishwa na mtungi wa kilo 13 au zaidi.

Kosa la hatari zaidi ni kufunga regulata ya shinikizo la juu ili kuupa moto nguvu. Jiko la nyumbani halikuundwa kwa shinikizo hilo. Miale huweza kuruka nje ya vichomeo na viungo kuanza kuvuja.

Kadhalika, baadhi ya majiko kutoka ng'ambo huwa yametengenezewa gesi asilia. Yakiunganishwa na mtungi bila kubadilishwa vitundu vya kupitishia gesi, hutoa moto mkubwa wa manjano na kuacha masizi kwenye sufuria.

Mtungi usimame wima, ikiwezekana nje ya nyumba. Mpira wa gesi uwe mfupi, na usipitishwe ndani ya ukuta.

Kazi ikikamilika, fundi aliyehitimu hupaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Mapovu yakifura, gesi inavuja. Kiberiti kisitumiwe kamwe kutafuta uvujaji. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hutanda sakafuni na kusubiri cheche. Ikinuswa, valvu ya mtungi ifungwe, milango ifunguliwe, na swichi za umeme zisiguswe.